Daftari la Mbegu za Alizeti

Nilianza kupamba madaftari nikiwa darasa la tano, na hakuna aliyenifundisha. Shuleni tulitakiwa kujalidi kila daftari kwa karatasi ya kaki, nami ile kaki tupu ilinisikitisha. Nikakata ua kwenye kalenda ya zamani, nikalibandika. Mwalimu wa hisabati aliliinua daftari mbele ya darasa akauliza kama nimekuja kusoma au kufungua saluni. Walicheka wote. Kesho yake nikabandika la pili.

Gundi yake ni rahisi, yeyote anaweza kuipika. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye maji ya baridi mpaka madonge yaishe, kisha bandika kwenye moto mdogo, uendelee kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Iache ipoe. Paka kidogo tu, maana ukizidisha karatasi hujikunja. Na usivunjike moyo ukiharibu daftari la kwanza. Mimi niliharibu mengi.

Sekondari nikaanza kuandika mambo yangu humo, na hata nilipopata kazi Singida Mjini sikuacha. Kila mwaka ulikuwa na daftari lake: moja nililivika kitenge, jingine maganda ya mahindi yaliyonyooshwa kwa pasi.

Mwaka mmoja nilikwenda likizo nyumbani, Misigiri, nikakuta mama anapiga alizeti. Nilichagua mbegu, nyeusi upande huu, zenye mistari upande ule, nikazipanga juu ya jalada moja moja. Mbegu hazishiki kirahisi, kwa hiyo gundi niliimwaga kwelikweli. Mama akapita na ungo wake.

"Hilo ni daftari au chakula cha kuku?"

"Ni pambo, mama."

"Panya wa nyumba hii hawajui pambo. Utakapoliweka, weka na majani ya mwarobaini."

"Yatanichafulia jalada."

"Haya, msomi."

Akaketi karibu yangu, akaendelea kupepeta. Baadaye akauliza humo ndani naandika nini. Nikamwambia naandika mambo yetu, ya nyumbani.

"Basi mwandike na dada yako."

"Nimeshamwandika, mama. Yuko kila ukurasa."

"Huyo ni wa Shelui. Nasema wa kwanza."

Mimi nilimjua dada mmoja tu, yule aliyeolewa Shelui. Mama akanieleza taratibu, bila kuacha ungo. Kabla ya dada alizaa mtoto wa kike. Mtoto alifikia kukaa mwenyewe, akaugua masika moja, akafa. Hakuwahi kupigwa picha. Alizikwa kwenye shamba la zamani, na shamba lile baadaye lililimwa lote. Baba hakutaka atajwe, alisema kumtaja ni kuanza msiba upya, na mama akanyamaza miaka yote.

Kisha akalitaja jina lake. Alilitaja kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu aliye pale pale. Nikaandika. Mama hakujua kusoma, aliweka kidole juu ya neno akaniuliza, "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Limekaa vizuri."

Aliniomba daftari libaki kwake, nami nikaliweka kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Majani ya mwarobaini sikuyaweka. Akaniambia nisilitaje jina mbele ya baba, na mimi sikulitaja mbele ya mtu yeyote. Niliona limeshaandikwa, basi liko salama.

Baba alitangulia. Mwaka huu mama naye akafuata. Siku chache baada ya mazishi, mimi na dada tulikuwa tunakunja nguo zake, ndipo nikamwambia habari ya yule mtoto. Dada aliketi sakafuni palepale.

"Mimi ni wa pili? Maisha yangu yote naitwa kifungua mimba!" Akacheka, kisha akalia. "Aliitwa nani?"

"Liko kwenye daftari."

Tulivuta sanduku. Jalada halikuwa na mbegu hata moja. Panya walikuwa wamezila, wakaifuata gundi mpaka ndani, ukurasa hadi ukurasa. Ukurasa wenyewe ulisema, "Mtoto wa kwanza wa mama aliitwa," halafu palikuwa na tundu lenye alama za meno kingoni.

"Si unalikumbuka?" dada akauliza.

Naikumbuka siku ile nzima. Nakumbuka vumbi la alizeti kwenye kope za mama na gundi iliyokauka vidoleni mwangu. Nilijaribu majina, dada akiyarudia kwa sauti, na kila moja likawa jina la jirani au la mwanafunzi mwenzangu. Tulikwenda kwa mama mdogo, ndiye pekee aliyebaki upande wa mama. "Wanangu," akasema, "mimi nilikuwa mdogo. Jina hilo alikuwa nalo mama yenu tu."

Kama nawe unapamba madaftari, endelea, sitamwambia mtu aache kitu kinachompa furaha. Ila mtu akikukabidhi neno lake, liandike, kisha litamke mara nyingi, umwambie na mwingine. Mimi nilishughulika na jalada.

Kabla hajarudi Shelui, dada alinunua daftari la kawaida dukani, akaniambia niandike watoto wa mama.

"Anza na yeye."

Nikaandika: wa kwanza, wa kike, alifikia kukaa. Nilipofika kwenye jina nikasimama. Dada akachukua kalamu, akachora mstari mtupu, akaniangalia kuona kama unatosha.

"Ongeza kidogo," nikamwambia. "Lilikuwa refu."