Harufu ya samaki iliyotoka ukutani

Jamani, leo nimesaka samaki aliyeoza nyumba nzima, na samaki hatujanunua!

Mama mkwe kafika hapa Mikumi asubuhi, katokea Chanzuru. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku kaziba pua.

"Mwanangu, mbona pananuka samaki?"

Aibu niliyoona! Nikamwaga taka, nikafagia chini ya kabati, nikaosha masufuria yote.

Harufu iko palepale.

Mama akanyanyuka, akaifuata mpaka koridoni, akasimama chini ya boksi la fyuzi.

"Inatoka humu."

Nikasogeza mkono. Joto kama pasi!

Nikazima umeme wote, nikamwita fundi. Kufungua tu, plastiki ya ndani imeyeyuka, nyaya nyeusi tii. Kumbe plastiki hiyo ikiungua ndiyo inanuka kama samaki!

"Dada, hili halitengenezwi, linabadilishwa," akasema. "Fyuzi zilikuwa zinakatika?"

Zilikuwa zinakatika, ndiyo. Tunaweka nyingine, maisha yanaendelea.

Boksi jipya limeshafungwa. Mama anakunywa chai, katulia. Mimi kukaa siwezi, kila mara nakwenda kuugusa ukuta ule.

Upande wa pili ndipo wanapolala wanangu.

Nyie wenzangu, boksi la kwenu mmelikagua lini?