Ukuta wa Mwani

Baba yangu alikuwa fundi mwashi pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na ukaidi wake aliuita ufundi. Alibeba mawe kutoka ziwani yakiwa bado na mwani, ule utelezi wa kijani, akayajengea ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Juu akalaza bomba lenye matundu, maji yadondoke kutoka kwenye pipa. Mwani ukashika ukuta mzima. Majirani walituita vyura, lakini joto likizidi walijaa sebuleni kwetu.

Vita vilipotufikia, mtaa ulikimbilia Minago. Sisi hatukuweza, kwani mama alikuwa amevimba miguu. Kaka yangu akafunga kufuli kwa nje, akaingilia dirisha la nyuma, ili nyumba ionekane imehamwa. Alimwomba baba jambo moja tu.

"Baba, acha ukuta ikauke. Ikibaki kijani, watajua tuko humu ndani."

Baba alikubali. Siku ya tatu mwani ukawa kahawia, na chumba kikawa tanuri. Siku ya tano niliamka nikasikia ubaridi. Baba alishindwa kuutazama ukuta wake ukifa, akaufungulia maji sisi tukiwa tumesinzia. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ubaridi ule ulikuwa mtamu.

Wenye bunduki walipita mchana. Nyumba nyingine hawakuzitazama mara mbili. Kwetu mmoja alipitisha kiganja ukutani.

"Iko mubichi hii. Nani anainywesha?"

Wakavunja mlango, wakamchukua kaka awabebee mizigo kwenda milimani. Hakurudi.

Na baba akaendelea kuunywesha ukuta, ati mwani hauna kosa. Nilimchukia mpaka nikaacha kula naye. Siku moja nikachukua soda kali ya mama ya kupikia sabuni ya mawese, nikaikoroga kwenye ndoo, nikamwita baba aje aone. Niliimwaga jiwe kwa jiwe, nikimwambia kwamba amemuuza mwanawe kwa utelezi. Kwamba na mimi nilijua nikanyamaza, hilo sikulitaja. Mwani ukalegea, ukateremka kama mlenda. Nilitaka alie. Nilitaka nimwone akilia.

Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama.

"Nawa mbio, mutoto wangu. Soda itakuunguza."

Akateka maji kwenye pipa, yale ya ukuta, akaninawisha mwenyewe.