Asubuhi Mama Jeannette Alipomnunia Mungu

Mwislamu ndiye aliyekuja kumgombeza Jeannette kwa sababu hakusali.

Msicheke. Ilitokea hapa Kindu, Kongo, ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa Alunguli, miaka ya vita. Anayedhani natunga avuke mto akamuulize mwenyewe. Bado yupo, na mdomo wake ni ule ule.

Mume wake, Bruno, alikuwa mfanyakazi wa reli. Vita vilipokata njia, treni yake ilikwama Kibombo, na tangu hapo hakuna habari. Amekufa? Yuko hai? Ameoa mwingine? Hakuna aliyejua.

Basi kila alfajiri Jeannette alishuka mtoni, akapanda kwenye jiwe lake la kufulia, akaanza. Mtaa mzima uliamka, upende usipende.

"Eh Mungu! Umeamuka? Ao na wewe umekimbia vita? Nirudishie bwana yangu!"

Mchungaji Jérémie aliona aibu, akamwita pembeni.

"Mama, unamugombeza Mungu sawa muntu wa kuuza samaki. Kujitoa kwa Mungu njo kunyamaza. Umuachie yote."

Jeannette aliumia. Lakini alikuwa amechoka pia, tena sana. Alfajiri iliyofuata alijifunika kitenge mpaka kichwani, akanuna kitandani. Alimwachia Mungu yote, kama alivyoambiwa. Moyoni, alikuwa amemwacha hata Mungu mwenyewe.

Jua halijapanda vizuri, hodi! Ni Asumani, mpiga kasia, kofia ya swala kichwani, suruali inachuruzika maji.

"Mama Jeannette, leo sauti iko wapi? Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa. Nimemuachia Mungu."

"Umemuachia Mungu, na sisi je? Unataka tukufe?"

Akamweleza. Kuvuka kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo yeye na wapiga kasia wenzake walivuka alfajiri, bila taa, ndani ya ukungu ambao huoni hata ncha ya mtumbwi wako. Walifuata kelele zake tu. Maana chini kidogo ya jiwe lake palikuwa na kambi ya wenye bunduki, na waliotua pale kwa bahati mbaya hawakuonekana tena.

"Leo kimya. Maji imetupeleka mupaka karibu na kambi ya basoda. Nilikuwa na muntu mumoja mu mutumbwi, nimemurudisha kule upande wa mujini. Kesho tutajaribu tena. Mama, tafazali, lalamika!"

Jeannette hakuuliza mtu huyo ni nani. Alikuwa amejaa aibu.

Kesho yake akashuka, hana imani hata chembe, hana la kumwambia Mungu. Akapayuka chochote kilichomjia.

"Mungu, niko hapa, sina maneno! Ule Bruno, sijui hata juu ya nini ninamulilia! Anakoroma! Anacheza rumba sawa bata! Na ile miguu yake ya kupinda..."

Ndani ya ukungu mtu akakohoa.

"Jeannette! Sasa miguu yangu imemukosea Mungu nini?"

Jeannette alijitupa majini na nguo zake zote. Bruno alikuwa mifupa na ndevu, lakini miguu ilikuwa ile ile. Alikuwa ametembea porini kutoka Kibombo. Walilia wote wawili, na Asumani akajifanya anafunga mtumbwi.

Alipopata pumzi, Bruno akauliza, "Jana ulikuwa wapi?"

Yule mtu mmoja aliyerudishwa alikuwa ni yeye. Alikuwa amelala mchana na usiku kwenye majani kule upande wa mjini, wenye bunduki wakipita pembeni ya kichwa chake, kwa sababu mke wake alikuwa kitandani akimnunia Mungu.

Siku hizi Lualaba ina boti za mota na kila mtu ana simu. Jeannette bado anashuka kwenye jiwe lake. Mchungaji Jérémie, kichwa kizima mvi, amenyamaza yeye sasa. Fifi, jirani aliyehamia mwaka huu, anaziba masikio kwa mto wa kulalia. Juzi alimuuliza, "Mama, ile kelele yote, Mungu anajibuaka?"

"Siku mingi sisikie kitu, mutoto yangu. Ninashuka tu."

Ndugu msomaji, nami nakuachia hili. Siku ukitaka kumnunia Mungu, amka, shuka mtoni, kamnunie kwa sauti. Kuna mtu yuko kwenye ukungu anakusikiliza.