Sijali Asafiri na Njaa

Enzi zetu, nyie mliokulia Kibakwe miaka ile ya ruksa mtanielewa, mbwa hakuwa na daktari wala shampuu. Alikuwa na kazi. Mbwa wangu Sijali alilala zizini na mbuzi wa baba, na asubuhi alinisindikiza mpaka karibu na shule, kisha akarudi kazini kwake mwenyewe. Leo binti yangu ananiambia mbwa wake ana msongo wa mawazo. Anamtafutia dawa kwenye simu, mafuta ya maua sijui ya nchi gani. Mie namwangalia tu.

Ruksa ilipokuja na biashara zikafunguliwa, baba aliweka jembe chini akaanza kununua na kuuza mbuzi. Mitumba ikaingia, sabuni za kunukia zikaingia, na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda vilima vyetu. Mambo yakamnyookea, akaamua tuhamie Chemba, karibu na mnada. Bibi, mama yake baba, alisema yeye haendi kokote.

Shida ilikuwa Sijali. Mara ya kwanza kupanda lori, kwenda Mpwapwa tu, alitetemeka, udenda ukamtoka, na kwenye kona za mlimani akatapika juu ya koti la dereva. Dereva alifoka njia nzima. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Siku ya kuhama akitapika, namshusha hapo hapo," alisema.

Nililijua neno la baba, halirudi nyuma. Na mbwa aliyeshushwa porini, asiyemjua mtu, mwisho wake ni fisi. Nikaapa moyoni kwamba Sijali atafika Chemba hata kama ni mimi wa kumbeba mgongoni.

Nikaanza na limau, kwa kuwa ndilo watu walilonusa safarini. Sijali alipiga chafya, akanitazama vibaya, akakimbilia nyuma ya nyumba. Bibi akasema tumchemshie tangawizi. Tukaipoza, tukamtilia kidogo kwenye maji yake, na hiyo aliinywa. Kisha kila lori lilipokuja kupakia mahindi, nilimwomba dereva tukae nyuma mimi na Sijali, gari likiwa limesimama. Nilimtandikia kanga yangu kuukuu niliyolalia, apate harufu ya nyumbani. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba na kucheza rede, mimi nimekaa kwenye lori na mbwa. Walinicheka wee mpaka wakachoka. Baadaye nikamwomba dereva awashe injini tu. Baada ya hapo akatupeleka mpaka mtoni na kurudi. Mtetemeko ukaisha kabisa, Sijali akawa anapanda mwenyewe kwa mkia juu.

Lakini kutapika hakukuisha. Siku dereva alipotuchukua mpaka kijiji cha pili, alitapika tena. Dereva, Mungu ambariki, hakumwambia baba, ila alinipa ndoo nioshe. Nikiwa naosha ndipo nilipoona: ugali na mtindi, bakuli zima, kama alivyoula. Bibi alikuwa amemlisha kabla hatujaondoka, kama alivyofanya mara zote. Kwetu msafiri haondoki na njaa. Hata mpita njia hulishwa mpaka alegeze mkanda, na kukikataa chakula cha safari ni kumwambia mwenye nyumba kwamba mkono wake si safi.

Asubuhi ya kuhama, mbuzi wameshapakiwa, baba ameshakaa mbele, bibi akatoka na bakuli la Sijali. Nilimwamkia upya, sijui kwa nini, kisha nikasimama kati yake na mbwa.

"Bibi, usimpe. Nakuomba."

"Kwangu haondoki kiumbe na njaa," alisema.

"Akila atatapika, bibi. Baba atamwacha porini."

Midomo ilimcheza. Niliona nimemuumiza, na sikusogea. Mwisho akaukanda ule ugali tonge kubwa, akaufunga kwenye kipande cha kitambaa, akaniwekea mkononi.

"Atakula akifika. Mwambie umetoka kwangu."

Njia nzima Sijali alilala kwenye kanga yangu, kichwa mapajani pangu. Kona zikaisha, Mpwapwa tukaipita, vumbi likatujaa masikioni, naye kimya. Tulipofika Chemba, baba alimkagua, akakagua na sakafu ya lori, akasema sawa. Nikafungua kitambaa, nikamwambia Sijali umetoka kwa bibi, akaumaliza wote. Hapo ndipo nililia, kwa sababu kesho yake ugali ungekuwa wa mkono mwingine.

Juzi nilimwambia binti yangu aachane na mafuta yake, amnyime mbwa chakula asubuhi ya safari, amtandikie nguo aliyoivaa. Akasema, kumbe ni rahisi hivyo. Ni rahisi, ndiyo. Siku hizi hakuna bibi anayesimama na bakuli mlangoni.