Mikono Wazi ya Eduvigis

Wifi yangu Eduvigis Cantillo alikuwa fundi wa mavazi ya kanivali hapa mtaani Rebolo, na kwa marinda hakuna aliyemfikia katika jiji zima la Barranquilla. Figo zake zilipoacha kazi, ikabidi awe anakwenda kliniki kila mara kusafishwa damu kwa mashine. Mwili ulivumilia, moyo ndio uliovunjika. Alifunika cherehani kwa shuka, akawa anavaa mikono mirefu kwenye joto letu hili ili kuficha mishipa ya mkono iliyomvimba pale mashine inapounganishwa. Asubuhi moja akagoma kwenda.

"Niache, wifi. Nimechoka kuwa mzigo."

Nikampigia simu Wilfrido, dereva mstaafu wa basi ambaye kiti chake kule kwenye mashine kilipakana na cha Eduvigis. Alifika akitweta, mkononi arepa za moto, ile mikate yetu ya mahindi.

"We mwanamke, vipi? Usipokuja leo nitamtania nani? Wale wengine kazi yao kukoroma tu!"

"Nenda zako, mzee. Huo mdomo wako ndio unaonizidishia ugonjwa."

"Basi twende ukaufunge. Teksi inangoja."

Eduvigis alicheka bila kupenda, kisha akaangua kilio. Wilfrido hakumnyamazisha. Alivuta kiti, akamwambia kwamba hata yeye, alipoanza matibabu, alikuwa akilala akiomba asiamke. Mwanamume wa mtaa huu kusema maneno hayo! Wakaondoka pamoja.

Tangu siku hiyo, mgonjwa asipoonekana kliniki, Eduvigis humfuata kwake na chakula na matusi ya mapenzi. Wengine walimfukuza, akarudi. Kanivali ilipokaribia akafunua cherehani, akawashonea wenzake wote mavazi mekundu yasiyo na mikono.

"Mishipa itaonekana," mmoja alilalamika.

"Ndiyo maana nimeikata hiyo mikono ya nguo, shoga."

Wakapita barabarani chini ya bango walilojiandikia wenyewe, *Figo Zimegoma, Sisi Hatujagoma*. Waliochoka walisukumwa kwenye mikokoteni ya matunda, wakipiga ngoma. Watu walicheka, halafu wakasimama kushangilia. Msichana mmoja akamuuliza Eduvigis mkono umepatwa na nini.

"Huu? Ndio unaoniweka hai, mwanangu. Utazame vizuri."

Nikawaambia wote waliokuwa karibu nami, hata wasioniuliza, kwamba yule ni wifi yangu.