Abiria wa Dirishani

Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi wala ubatizo wa Wakenya wa kusini-magharibi mwa Sydney ambapo Douglas Ogutu hakupewa kipaza sauti. Alikuwa dereva wa foklifti ghalani, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na vichekesho vyake vilijulikana kuanzia Campbelltown hadi Parramatta. Mkewe Apondi alikaa pembeni, sahani mapajani. Watu wakicheka, alicheka; wakinyamaza, alinyamaza.

"Mungu alikuwa na kipaji cha watu wawili," Ogutu alipenda kusema, "akaona asihangaike kukigawa. Akanipa mimi chote."

Apondi alizaliwa Ugunja, binti wa mwalimu wa shule ya msingi aliyewaandikisha wanawe ukurasa mmoja kila Jumapili kabla hawajaonja nyama. Alimfuata mumewe Australia, akasomea utunzaji wa wazee, akaajiriwa katika makao fulani ya wazee kule Parramatta. Kutoka nyumbani kwao Macquarie Fields hiyo ni safari ndefu ya treni. Ogutu alimzoea hivyo: mwanamke anayerudi jioni amechoka, simu mkononi, asiye na mengi ya kusema.

Basi mwaka wa 2019 kukaanza kuzagaa makala fupi katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, zikiwa na sahihi ya "Abiria wa Dirishani." Hakuna aliyemjua ni nani. Ya kwanza ilimhusu bibi wa miaka tisini na mmoja aliyekataa kuogeshwa na mtu mweusi. *Nikamwambia, sawa Bibi, wewe funga macho yako, na mimi nifunge yangu, tuone ni nani atakayeoga. Akacheka mpaka meno ya bandia yakamdondokea kwenye beseni. Nikayavua kama dagaa. Na mtu akishakuvulia meno yako majini, kumbagua tena ni kazi ngumu.*

Ogutu aliwasomea wenzake ghalani saa ya chakula, akaipiga meza kwa kiganja. Tangu hapo akawa anasubiri makala mpya, iliyotoka kila Jumatano. Kwenye harusi moja alithubutu hata kuiba mistari miwili mitatu, na ukumbi ulilipuka kuliko siku zote. Pembeni, Apondi aliishika sahani yake, akacheka na wengine.

Kisha ikaja makala ya mume. *Nina mume ambaye akigeuza soseji moja motoni siku ya Jumamosi, huita mashahidi watano.* Ogutu alicheka machozi yakamtoka. "Huyu bwana mpumbavu namna hii anaishi wapi?" aliuliza peke yake sebuleni. Akaendelea kusoma. *Juzi alibishana kwa Kijaluo na yule mama aliyemo ndani ya simu, anayeelekeza njia. Akamwambia wewe hujui lolote. Tulikuwa tunakwenda ubatizo hapo jirani, Liverpool. Tukafika Wollongong, tukaiona bahari.*

Akairudia mistari ile. Siku ile garini walikuwa watatu tu: yeye, Apondi, na binti yao Awino. Awino alikuwa na miaka kumi na mmoja na Kiswahili alikisikia tu, akijibu kwa Kiingereza.

Apondi alikuwa jikoni akichambua sukuma wiki. Ogutu alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Mama Awino, ni wewe?"

Hakugeuka. "Ni mimi nini?"

"Abiria."

Aliweka kisu chini. "Umechelewa kujua. Nilidhani utanijua kwenye ile ya meno."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nikusomee. Halafu ungenionyesha pale ambapo watu watacheka." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Nilitaka kupaona mwenyewe kwanza."

Alimpa simu yake. Zilikuwa makala mia moja na sita, na nyingi hakuwahi kuzituma popote. Zote ziliandikwa kwenye treni, kwa kidole gumba, katikati ya vituo. Ogutu alikaa nazo kuanzia mchana hadi jua likazama. Alikutana na jirani zake, kanisa lake, mama yake mzazi, na yeye mwenyewe akiwa mgeni uwanja wa ndege na koti la kuazima. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa baada ya miaka mingi kwamba chini ya sakafu ya nyumba yake kuna kisima.

Mwaka wa 2021 mama yake Apondi alifariki Ugunja. Mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na Sydney yenyewe watu walikuwa wamefungiwa majumbani. Hakuna aliyeruhusiwa kuja kulia naye. Apondi alivaa nguo nyeusi na viatu, akaketi sebuleni mbele ya televisheni, Ogutu na Awino pembeni yake, wakatazama maziko kwa mtandao. Ogutu, aliyekuwa na neno kwa kila tukio, aliushika mkono wa mkewe tu.

Wiki nne Apondi hakuandika. Ya tano akaandika, na hakuituma.

Aliyeijua ni Chibalonza, mwenzake wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Aliisoma wakati wa chai, akamwambia, "Dada, hii haiko yako peke yako. Sisi wote tulizikia watu kwa simu. Utaisoma mbele ya watu." Alimsumbua hivyo karibu miaka miwili, mpaka jumuiya ilipowaandalia wazungumzaji wote wa Kiswahili mkutano katika ukumbi mmoja Parramatta, na Apondi akakubali.

Walikuja watu kama mia mbili. Ogutu alikaa safu ya tatu. Apondi alipanda jukwaani na miwani yake ya kusomea. Hakusalimu kwa mbwembwe. Alianza kusoma.

*Mpiga picha alikuwa na kamera moja na njaa moja. Mchungaji alipoanza kuhubiri, kamera ikageukia wali.* Watu wakacheka. *Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Uliporudi, udongo ulikuwa umeshajaa, na mjomba amesogeza uso wake wote kwenye kioo, anauliza: Australia, mnatuona? Nikasimama na viatu vyangu vya maziko. Nikaipungia televisheni mkono. Nikasema, tunawaona, Mjomba. Nilisema kwa adabu, kwa sauti, kana kwamba asingenisikia nisipopaza. Na hakunisikia.*

Ukumbi ulicheka, kisha katikati ya kicheko kitu kikageuka. Ogutu alitazama nyuma. Chibalonza alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, mikono kichwani. Mzee Kwizera wa Burundi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alikuwa amefunika uso kwa kofia. Watu mia mbili walivuta pumzi pale Apondi alipovuta, wakaiachia alipoiachia.

Ogutu alikijua kipaza sauti. Alijua kicheko huanza wapi, na chake chote kilisahaulika kabla watu hawajachukua sahani ya pili ya chakula. Hiki kiliingia ndani ya watu na kufungua milango waliyokuwa wameifunga wenyewe. Alimtazama mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa, akamwogopa kidogo, kama mtu anavyouogopa mlima anapofika karibu nao.

Siku hizi Apondi ana kitabu kimoja kidogo na safu katika jarida la jumuiya. Bado anawaogesha wazee siku tatu kwa wiki; anasema asipowaogesha hatakuwa na la kuandika. Jumamosi asubuhi hukutana na wanawake tisa katika chumba cha maktaba Campbelltown kuwafundisha kuandika. Ogutu humpeleka mkewe kwa gari, kisha huketi nyuma kabisa, kimya.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Chibalonza. Alikunjua karatasi yake.

"Nianzie wapi?" akauliza.

"Anzia pale unapoona aibu," Apondi akamwambia. "Sisi tupo."

Chibalonza akakohoa, akaanza kusoma kuhusu kuku aliyekimbia naye vita kwao Bukavu.