Mizani na Mashine ya Dada Yake

Fundi huyu watu walimwita Mizani, na jina alilipata kwa haki. Mpe pawa saplai, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta nzima, ataipima kiganjani, atafumba jicho moja, kisha atakuambia kama ni mali au takataka. Nyepesi ni takataka. Nzito ina shaba ya kutosha ndani, itadumu. Mafundi wote wa ile ghorofa ya maduka ya kompyuta walipima hivyo, ila yeye alikuwa hakosei. Ndivyo tulivyoamini, na yeye mwenyewe aliamini kutushinda. Kichwa kilimvimba kidogo, tusifichane.

Miaka sita iliyopita alimuundia dada yake mkubwa kompyuta ya kuhariria video za harusi. Pawa saplai aliipima kwa mkono, akaifunga. Diski akaweka mbili, moja nakala ya mwenzake, akatamba, "Hapa moja ikifa, nyingine ipo. Weka roho yako ndani, Dada, ukapumzike."

Dada akaiweka roho yake kweli. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka mitano waliyemwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia. Video zote za mtoto, zilizokuwa zimetawanyika kwenye simu hii na ile, alizikusanya humo. Simu zikachakaa, zikatupwa.

Asubuhi moja pawa saplai ikalipuka. Umeme ukapita kwenye diski zote mbili kwa mpigo, maana zote zililishwa na kiboksi kile kile. Mizani alipokifungua alikuta bonge la saruji limegandishwa chini, na nusu ya vifaa vinavyotakiwa kuwemo havimo. Waliokitengeneza walijua mafundi wanapima kwa mkono, wakaupa mkono kitu cha kupima. Alizipeleka diski kwa kila aliyejidai anajua kufufua diski, na wote wakamrudishia jibu moja: humo hakuna kitu tena.

Dada hakumgombeza. Afadhali angemtukana, watu wakasikia, yakaisha. Alisema tu, "Basi," akaondoka na mkoba wake, na tangu siku hiyo kompyuta zake akawa anapeleka kwa mafundi wengine. Walionana misibani na kwenye sherehe za ndugu, wakasalimiana, wakaulizana afya.

Kilichomtesa Mizani zaidi hakumwambia mtu. Wakati anaijaribu mashine ile kama ina mbio, alitumia video moja ya Chiriku, akaichezesha labda mara ishirini. Mtoto anakimbia kuzunguka meza, mjomba wake, yaani Mizani, anamfukuza, na mtoto anapiga kelele, "Mjomba, hunipati!" Baada ya mlipuko, kila feni ya kompyuta ilipoanza kuzunguka, katika zile sekunde mbili kabla haijatulia, alimsikia. Hakusikia kitu kinachofanana na mtoto. Alimsikia yeye, na kicheko chake.

Sasa fikiria, mtu kazi yake ni kuwasha kompyuta kutwa nzima. Alibadilisha feni, akazifunga mpira, akanunua redio na kuiacha ikipiga makelele dukani mpaka wateja wakalalamika. Kila alipobonyeza kitufe alikaza meno. Amwambie nani? Fundi anayesikia maiti kwenye feni, nani atampelekea mashine yake?

Jumatatu moja dada akaingia dukani, akaipunguza redio mwenyewe bila kuuliza.

"Hujambo, mdogo wangu."

"Sijambo, Dada. Shikamoo." Mizani alisimama, akaangusha bisibisi.

"Marahaba. Laptopu yangu imechoka. Nikikata video dakika moja, naenda kuosha vyombo narudi bado inafikiria. Wateja wananikimbia. Nataka mashine ya mezani, iende mbio. Hela yangu ni hii, haiongezeki." Akaweka bahasha mezani.

"Dada, kuna mafundi wazuri pale ghorofa ya juu..."

"Nimekuja kwako."

Hakueleza kwa nini, na Mizani hakuthubutu kuuliza. Aliitazama bahasha. Mashine hii nayo ikiungua, hana dada tena. Hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Siku tatu alizunguka ghorofa ile na karatasi yake ya mahesabu. Ukiwa na hela kidogo na unataka mbio, lazima uchague mahali pa kuumia. Kasha halikimbizi kitu, akatoa lake la zamani lenye mikwaruzo. Kioo cha ubavuni na taa za rangi akavifuta kwenye karatasi, maana taa hazihariri video. Prosesa, ubongo wa mashine, akachukua ya kizazi cha nyuma, yenye nguvu lakini iliyoshuka bei kwa sababu vijana wanataka ya mwaka huu. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, akachukua vijiti viwili badala ya kimoja kikubwa, vifanye kazi sambamba. Kadi ya picha akatafuta iliyotumika, akainusa kama ina harufu ya kuungua, mithili ya mtu anunuaye samaki, akaikataa, akanusa nyingine. Kwenye SSD, diski ile ya kasi, hakubana, kwa kuwa ndiyo inayoondoa kule kusubiri, na kando yake akatenga hela ya diski moja ya nje itakayokaa nyumba nyingine kabisa, mbali na mashine.

Ikabaki pawa saplai. Alipita mbele ya duka la muuzaji waliyemwita Bei Poa mara nne, akijitia kuangalia vitu vingine.

"Mizani, unanizunguka kama mdai," Bei Poa akacheka. "Hii hapa, nzuri, rahisi. Shika upime!"

Mizani akatia mikono mfukoni. "Sipimi. Nifungulie."

"Nifungue? Wewe? Ukifungua dhamana imekufa, sirudishi."

"Basi nipe ile ya ghali."

"Ile? Inakula robo ya hela yako, ndugu yangu. Kwa mashine ya harusi?"

Alilipa. Ikambidi ashushe prosesa ngazi moja, na ilimuuma. Kisha ile pawa saplai akaifungulia pale pale juu ya kaunta, watu wakitazama, skrubu moja ikamtoka ikabingiria chini. Ndani kulikuwa na shaba na vyuma vyake kamili, na sakafu ya kiboksi ilikuwa tupu, bila saruji. Akapitisha ukucha chini kote kuhakikisha. Bei Poa alitaka kutania, akamwona uso, akamwokotea skrubu yake.

Alhamisi mchana aliibeba mashine mpaka kwa dada. Sebule ilikuwa ile ile, na meza ile ile katikati, ambayo mtoto alikuwa akiizunguka. Mizani aliipita kwa upande, asiiguse. Akaunganisha nyaya, akazikagua mara tatu, akamaliza visingizio vyote.

"Bonyeza, Dada. Ni yako."

"Bonyeza wewe." Dada alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Mizani akapiga moyo konde, akabonyeza. Mashine ikawaka. Dada hakuwahi hata kuingiza ule mguu wa pili, skrini ilishafunguka, nyeupe, tayari kwa kazi. Na katika zile sekunde mbili feni ziliinuka, na sauti ya Chiriku ikapita mbio kando ya meza.

"Nini?" Dada alikuwa akimtazama usoni. "Inanuka?"

"Hainuki. Iko salama."

"Mbona umekuwa hivyo?"

Angeweza kusema ni joto, au njaa. Alikuwa amechoka. "Namsikia," akasema. "Feni zikianza, namsikia Chiriku. Miaka yote hii. Nisamehe, Dada. Sijui nina wazimu au nini."

Dada akaingia ndani. Akavuta kiti, akakaa, mikono mapajani. Mizani akaanza kukusanya bisibisi zake, maana alijua anafukuzwa.

"Unamsikia anasemaje?"

"Dada, tuyaache."

"Nakuuliza. Mimi sura ninayo, nina picha mbili za karatasi. Sauti imenitoka. Huu mwaka wa tatu naitafuta, sikumbuki. Ningemwambia nani? Mama gani anasahau sauti ya mwanawe?" Akainua macho. "Nilikuja kwako kwa sababu kwenye zile video ulikuwepo. Mashine ningenunua popote. Sema anavyosema."

Mizani alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye miwani na tumbo, na sauti nzito ya kukwaruza. Akakohoa. Akaona haya. Kisha akajitahidi kuibana sauti mpaka ikawa nyembamba, ya kuchekesha.

"Mjomba, hunipati."

Dada akatikisa kichwa. "Siyo hivyo. Rudia."

"Mjomba, hunipati!"

"Siyo. Pale mwisho alikuwa anavuta. Alikuwa anasema, 'Hunipatiiii!'"

Dada akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, maana ilikuwa sauti yenyewe ya Chiriku, na ilikuwa imetoka kinywani mwake.